240Z yangu na injini ya Patrol: walioniambia nitie 1JZ wasome hapa

Tangu nianze kazi hii ya kulifufua Datsun langu la zamani, kila mwenye spana alikuwa na injini ya kuniuzia. "Tia 1JZ ya Toyota, bwana, usahau." "Tafuta RB25 ya Nissan Skyline." Mmoja, ambaye gari lake mwenyewe huwaka kwa kusukumwa, aliniapia kwamba bila turbo nitakuwa nimezitupa pesa. Sasa gari linatembea, turbo halina, na nadhani nina haki ya kusema mawili matatu.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z, chesisi ya HS30, ile ya usukani wa kulia. Aliyelelewa na mzee mpenda Safari Rally hahitaji maelezo: ndilo gari lililompa Edgar Herrmann ushindi wa 1971 na Shekhar Mehta ule wa 1973. Kwa hiyo yeyote mwenye bodi la 240Z chini ya mwembe anadhani amekalia dhahabu. Bei niliyolipa sitaitaja, mke wangu anajua kusoma. Tuseme ningepata Probox ya kuheshimika.

Nililitoa Nakuru, kwa makusudi. Mimi ni mtu wa Mombasa na najua chumvi yetu inavyokula bati. Gari kama hili usitazame rangi. Inua kapeti za miguuni, toa betri utazame chini yake, kisha pitisha sumaku nyuma ya magurudumu ya nyuma. Pale inapokataa kushika, umeuziwa puti, si bati. La kwangu lilikataa sehemu chache tu, nikapunguziwa bei papo hapo. Kulishusha pwani sikukodi gari la kuvutia magari. Malori yanayopeleka mizigo bara mengi hurudi bandarini matupu, na dereva wa lori tupu ni mtu wa kusikilizana naye.

Kuhusu bodi sina hadithi. Sakafu zote mbili zilikatwa, ikachomelewa bati ya geji 18, fundi na mimi tukagombana kuhusu rangi, akashinda yeye.

Injini ndiyo iliyokuwa shida. L24 iliyokuja na gari ilikuwa na ufa kwenye bloku. Hapo ndipo washauri walipojaa. Hiyo 1JZ yao ni injini nzuri, sikatai, lakini hesabuni: mikono mipya ya kushikia injini, giaboksi nyingine, propela shafti ya kukatwa, waya mpya gari zima, kompyuta, rejeta kubwa, na mwisho wa safari hiyo yote difu (gia za ekseli ya nyuma) la miaka ya 70 linalosubiri kuvunjika. Fundi atakwambia "ni kazi ndogo" mpaka siku ya kulipa.

Mimi nikaenda kutafuta Nissan Patrol. Si hizi mpya, ile ya zamani ya toleo la 160, ya petroli. Nyingi kati ya zile zina L28, ndugu wa tumbo moja wa L24: silinda sita zilezile za mstari, ila ujazo umetoka cc 2,393 hadi 2,753. Inakaa kwenye mikono ileile na inafungana na giaboksi ileile. Nilikuta moja nyuma ya gereji, kuku wametaga kwenye kiti cha abiria, nikaondoka na injini kwa elfu sitini na kitu, na karatasi zake.

Sampu ya Patrol, yaani bakuli la oili chini ya injini, haifai kwenye 240Z, kwa hiyo hamisha yako ya zamani, na bomba la kunyonya oili uhamishe pia. Wengi hulisahau hilo bomba.

Sasa niwape kitu cha bure. Hedi ya L28, kichwa cha injini chenye vali, ilibidi itoke, vali zilikuwa zimechoka. Kwenye injini hizi, ukitoa gia ya kemshafti (shafti inayofungua vali), mnyororo unaoizungusha unalegea, na kule chini kuna kikaza mnyororo chenye springi. Kikipata nafasi tu kinaruka nje. Kukirudisha lazima ufungue kava lote la mbele. Fundi niliyekuwa naye alisema yeye hulifungua siku zote, "ndiyo kazi yenyewe." Ndiyo kazi yenyewe ya kumlipa siku mbili zaidi!

Nilikwenda kwa seremala nikamwomba kabari ya mbao ngumu, urefu wa shubiri, pana juu na nyembamba chini. "Ya kuzuia mlango?" akauliza. Nikamwambia ya kuzuia mnyororo, akanitazama kama mgonjwa, akaichonga. Juu nikaitoboa tundu nikafunga waya, maana ikitumbukia mle ndani utalia. Nikaweka alama ya rangi ya kucha kwenye pingili ya mnyororo na kwenye jino la gia, nikaishindilia kabari katikati ya pande mbili za mnyororo, nikaipiga kidogo kwa mpini wa nyundo. Ikakamata. Gia ikatoka, hedi ikatoka, ikaenda kusagwa vali, ikarudi, na mnyororo ulikuwa umesimama palepale kama askari wa lindo. Fundi hakusema kitu, ila baadaye nilimwona akiipima kabari kwa vidole.

Tukaiteremsha injini, ikakaa. Tukawasha, ikaunguruma vizuri. Nikakanyaga klachi nitie gia: krrrr! Haiingii. Wataalamu wakakusanyika. "Kuna hewa kwenye mafuta ya klachi." Tukatoa hewa. "Silinda ya klachi ya juu imekufa." Nikanunua. "Silinda ya chini." Nikanunua nayo. Pedali ilikuwa ngumu, mafuta hayavuji, na gia bado zinalia. Mwingine akashauri tuzime injini, tutie gia ya kwanza, tuwashe hivyohivyo na "itazoea." Gari likaruka likagonga pipa la maji.

Usiku nikakumbuka kwamba fundi, wakati wa kufunga giaboksi, alisema ile kola inayobeba beringi ya klachi imechakaa, akatia nyingine kutoka kwenye kopo lake. "Zote za Datsun." Ndiyo, zote za Datsun, lakini zina urefu tofauti, na kola huchaguliwa kwa presha pleti (bamba linalobana klachi), si kwa jina la gari. Kuanzia uso wa flaiwili, lile gurudumu zito nyuma ya injini, mpaka pale uma wa klachi unapoigusa kola, presha pleti ikiwa imefungwa, panatakiwa kama milimita 92. Giaboksi likashuka tena, nikapima kwa vernia: pungufu kwa milimita kadhaa. Kola yangu ya zamani, ile "iliyochakaa," niliiokota kwenye takataka za gereji, nikaipachika beringi mpya, ikatoa 92 kasoro nywele. Gia zikaingia kama kisu kwenye siagi. Zile silinda mbili mpya ninazo bado, anayezihitaji aseme.

Kabureta zangu za zamani zinailisha L28 bila shida, nilizishibisha mafuta kidogo tu. Kwenye mlima wa Mazeras, gia ya tatu, mshale wa joto haukufika nusu, na kulikuwa na Subaru nyuma yangu iliyokuwa na haraka sana mpaka hapo.

Logibuku, kadi ya usajili wa gari, lazima ibadilishwe, msijifiche. Namba ya injini imegongwa ubavuni mwa bloku, upande wa kulia, nyuma karibu na hedi, chini ya grisi ya miaka arobaini. Isugueni kwa mswaki na petroli kabla ya kwenda ukaguzi, na risiti ya mwenye Patrol pamoja na nakala ya logibuku yake ziwe mkononi. Mkaguzi wangu alisoma namba mara moja, akalinganisha na karatasi, kisha akaomba nifungue tena boneti apige picha ya simu.