Siku tagi letu lilipovutwa na mtumbwi

Nimekulia Tanga, na bandarini kitu nilichokipenda kuliko meli zenyewe ni tagi: chombo kifupi, kinene, chenye jeuri ya kuisukuma meli inayokizidi mara nyingi. Sasa naishi Moshi, mimi ni fundi umeme wa magari, na bahari iko mbali. Mwaka jana nikaanza kumtengenezea mpwa wangu tagi la plaiwudi lenye urefu wa sentimita 80, la kuendeshwa kwa rimoti. Mbao, gundi na rangi havikunisumbua. Kilichonitia adabu ni kidude kidogo cha kuongoza mwendo wa mota, kinachoitwa kontrola.

Kontrola hukaa kati ya betri na mota. Risiva, yaani kipokezi cha mawimbi ya rimoti, inaipa amri, nayo inaukata na kuurudisha umeme wa mota kwa kasi ambayo jicho halioni. Ukiongeza mwendo, muda wa kuwaka unazidi muda wa kuzima. Mota yangu ni ya kaboni (vijipande vinavyougusa mhimili na kupitisha umeme), nyaya mbili basi, niliyoifungua kwenye pampu mbovu ya kujazia upepo matairi. Zile zisizo na kaboni huwa na nyaya tatu na kontrola yake ni nyingine kabisa, hazibadilishani.

Niliagiza kontrola ya sh. 28,000 iliyoandikwa 320A, yaani ampea 320, mgongoni. Nikajiambia hii hata stata ya gari itaizungusha. Ningekuwa kazini ningecheka palepale, maana stata ya gari dogo hula ampea mia na ushee, na waya wake unakaribia unene wa kidole gumba. Nyaya za kontrola ile zilikuwa nyembamba kama za taa ya breki. Namba ya 320 ni hesabu ya transista, swichi za kielektroniki za ndani, zikiwa baridi kabisa, kwa kitambo kisichofika hata sekunde. Ampea za kubeba mfululizo hazikuandikwa popote, na mteja akimletea fundi kitu cha namna hiyo tunamwambia arudishe dukani. Mimi nikakifunga kwenye tagi.

Nyumbani nina simtanki lililopasuka nililolikata nusu, ndiyo bahari yetu. Humo tagi lilikwenda vizuri, isipokuwa kurudi nyuma. Kontrola ile ilitengenezwa kwa ajili ya magari ya mchezo: ukivuta rimoti nyuma mara ya kwanza inafunga breki, unarudisha katikati, unavuta tena, ndipo mota inageuka. Kwa gari sawa. Kwa tagi linaloingia gatini, ukimaliza hayo yote omo, pua ya chombo, imeshagonga ukuta.

Jumapili moja tukaenda bwawa la Nyumba ya Mungu. Nilimwambia mpwa wangu kwamba maji yale yanashuka Mto Pangani hadi baharini kwetu, akaitikia kwa adabu tu, macho yako kwenye rimoti. Tagi likakata maji kama dakika kumi, kisha likasimama karibu na majani. Kijana akadhani halina nguvu, akabana rimoti mpaka mwisho na kuishikilia hapo.

"Mjomba, linatoa moshi."

Kweli, kamoshi keupe kalikuwa kanatoka kwenye chumba cha nahodha. Mzee mmoja mvuvi akatuonea huruma, akalifuata kwa mtumbwi na kulirudisha limefungwa kamba. Tagi linavutwa na mtumbwi! Alipotukabidhi akasema, "Chombo chenu kizuri, ila kimekula majani." Majani yalikuwa yamejisokota kwenye rafadha, lile panga la kusukuma maji, hadi shafti haigeuki kwa mkono.

Mota ya kaboni ikizunguka, yenyewe inazalisha volti za kuupinga umeme wa betri, ndiyo maana inakula kidogo. Ikikwama, upinzani huo unatoweka. Kinachobaki ni ukinzani wa nyaya zake tu, na ampea zinapanda mara kadhaa. Kwa hiyo kontrola unainunua kwa kutazama mota ikiwa imekwama. Hili nalijua tangu siku za kwanza za ufundi, wiper ikigandishwa na tope fyuzi inakwenda. Sijui kwa nini nilidhani majini ni tofauti.

Safari hii nikapima kwanza. Mita yangu inaishia ampea 10, hivyo sikuthubutu kuifunga mota iliyokwama moja kwa moja kwenye betri. Nikaibana shafti kwenye jiliwa, kibanio cha mezani cha fundi, nikaunganisha balbu ya taa ya mbele ya gari, ya wati 55, kwa mfuatano na mota ili ipunguze umeme. Mita ikasoma ampea 4.2, na kwenye ncha za mota volti 1.7. Gawanya volti kwa ampea unapata ukinzani wa ohm 0.4. Nikasogeza shafti kidogo na kurudia mara tatu, kwa sababu majibu hubadilika kufuatana na mahali kaboni zilipogusa. Betri yangu ni ya volti 12, ile ya UPS (kifaa cha akiba ya umeme wa kompyuta). Kumi na mbili kwa 0.4 ni ampea 30. Hapo ndipo nilipojua ninatafuta nini: kontrola ya kubeba ampea 30 au zaidi mfululizo, si kwa kupepesa jicho.

Kisha nikapima ampea za kutembea, tagi likiwa ndani ya simtanki limefungwa kamba shetrini, yaani nyuma. Kwa rafadha ya milimita 40 lilikula ampea 6. Nikajaribu ya milimita 45, zikapanda hadi 8 na ushee. Nikarudi kwenye ya 40.

Kontrola ya pili ni ya boti, ampea 40 mfululizo, haina breki, ukivuta nyuma inarudi nyuma papo hapo. Imemwagiwa gundi ngumu ndani, maji ya ngama, yale yanayojikusanya chini ndani ya chombo, hayaigusi. Sh. 75,000, na mke wangu anajua bei hiyo kwa sababu aliiona risiti. Kitu kingine nilichokagua ni ile sehemu inayotoa volti 5 za risiva na sevo, kimota kinachogeuza usukani. Zile za kizamani huzigeuza volti zilizozidi kuwa joto tu: toka 12 hadi 5 kwa nusu ampea ni wati 3.5 ndani ya kisanduku kisicho na upepo. Nilichukua yenye kubadili volti bila kuchemka.

Mambo mawili nikayaongeza mwenyewe. Kwenye mota nililehemu kapasita tatu zilizoandikwa 104 nilizotoa kwenye TV mbovu, moja kati ya ncha mbili na nyingine mbili toka kila ncha kwenda kwenye bodi la mota, kupunguza kelele za umeme za cheche za kaboni zisiisumbue risiva. Ziwe zile zisizo na chanya na hasi, kwa sababu mota itageuzwa. La pili ni fyuzi ya gari ya ampea 15 kwenye waya chanya karibu na betri. Haikatiki kwa ampea 6, lakini kwa 30 haimalizi sekunde chache.

Tulirudi bwawani mwezi uliofuata. Majani yakalikamata tena, mahali palepale. Hakuna moshi. Mzee yule alikuwepo, akatutazama, akachukua kafi bila kuambiwa.

Nilipofungua kifuniko, fyuzi ya bluu ilikuwa imekatika na kontrola ni baridi. Mfukoni nilikuwa na nyingine nne. Tulizitumia tatu kabla jua halijazama, kwa sababu kijana anataka kupita katikati ya majani tu.