Unamsubiri Nani Hapo?

Jumapili jioni, Mwanga, Kigoma

Hapa Kigoma kila mwenye simu ana picha ya jua likizama ziwani. Fungua stetasi za WhatsApp saa moja na nusu usiku utalikuta: jua lile lile, mtumbwi ule ule mweusi mbele yake, na maneno ya kumshukuru Mungu kwa siku njema. Siwalaumu. Mji wetu uko magharibi kabisa mwa nchi lakini saa tunayotumia ni moja na ya Dar es Salaam, kwa hiyo wenzetu wakiwa wameshawasha taa sisi bado tunalo jua zima juu ya milima ya Kongo, kwa tofauti ya kama dakika 40. Linazama karibu saa moja, watu wametoka makazini, simu ziko mkononi. Nani ataacha?

Mimi nimeacha. Si kwa kiburi (sawa, kidogo kwa kiburi), ila jua lile linajipiga lenyewe. Wewe unashika simu tu.

Kwa wasionijua: nafanya kazi kwenye steshenari. Natoa kopi, naprinti, napiga laminesheni, na nusu ya siku napiga picha za pasipoti. Kitambaa cha bluu ukutani, kiti cha plastiki, "inua kidevu kidogo, usicheke, tayari." Nyuso za watu wanaoomba kazi, wanaoandikisha watoto shule, wanaofungua akaunti benki. Kwa hiyo kupiga picha kwangu kulikuwa kazi, na mtu hatamani kurudi nyumbani na kazi.

Kilichonibadilisha ni changamoto ya picha ya mtandaoni ambayo rafiki yangu mmoja alinivuta nijiunge nayo. Hakuna zawadi wala mshindi. Kila Jumatatu linatolewa neno moja, na kabla ya Jumapili kwisha unatuma picha moja inayolijibu. Masharti ni mawili tu: picha iwe ya wiki hiyo hiyo, usichimbue ya zamani, na useme mstari mmoja au miwili kuhusu ulichokiona. Wako watu wa Japani, Kanada, Norwei, Brazili, na mimi wa Mwanga nikihesabu bando.

Neno la kwanza nililolikuta lilikuwa "bluu". Nikajua nimeula, kwa sababu nina ziwa zima. Nikashuka ufukweni, nikapiga, nikatazama, nikaona kadi ya posta. Nikarudi kazini. Jioni nafunga ofisi nikakitazama kile kitambaa cha bluu, na kwa mara ya kwanza nikaona kuwa katikati, usawa wa kichwa cha mtu aliyekaa, pana doa. Ni mafuta ya nywele. Vichwa vya watu wa Mwanga vimeegemea pale mwaka baada ya mwaka, kila kimoja kikaacha chake kidogo, mpaka doa limekuwa na umbo kamili la kichwa kisicho na mwenyewe. Nikapiga hilo doa na kiti kitupu chini yake. Bosi wangu aliponiona alidhani napiga ushahidi ili nidai kitambaa kipya.

Tangu hapo nimefikiri sana kwa nini neno moja linafanya kazi hiyo, na nadhani nimepata jibu. Neno linakupa ruhusa ya kusimama. Katika mji kama huu mtu mzima hasimami bure. Ukisimama kando ya njia bila mzigo, bila kusubiri bodaboda, utaulizwa, tena kwa nia njema, "Unamsubiri nani hapo?" Ukijibu kwamba humsubiri mtu, maswali ndiyo kwanza yanaanza: umepotea? unaumwa? unadaiwa? Mtoto anaruhusiwa kukodoa macho, mtalii anaruhusiwa. Sisi wengine tunapita. Lakini ukiwa na neno la wiki unalo jambo la kufanya pale uliposimama, hata kama jambo lenyewe ni kutazama mlango wa jirani.

Nije kwenye neno "mikono", maana hiyo ndiyo wiki ninayoikumbuka kuliko zote.

Nilikwenda mwalo wa Kibirizi asubuhi, dagaa walikuwa wameshashushwa na akina mama wanaanika. Wengine bado wanamwaga mchangani, wengine wana chanja za kuinua kutoka chini, dagaa wakauke bila mchanga. Mama mmoja alikuwa akitandaza kwa viganja vyote viwili, haraka, bila kutazama, huku anabishana na mwenzake kuhusu bei ya ndoo. Magamba yalikuwa yamemganda mpaka kwenye viwiko. Jua likipiga, mikono yake ilimeta kuliko dagaa wenyewe. Nikasimama.

"Unamsubiri nani hapo?"

"Shikamoo mama. Simsubiri mtu."

"Marahaba. Sasa juani unafanya nini?"

"Naangalia mikono yako."

Akacheka mpaka akaketi. "Jamani njooni mumwone mtoto huyu, anataka mikono! Uso hautaki?" Nikamweleza habari ya neno na watu wa mbali. Akasema basi akanawe kwanza. Nikamwomba asinawe. Hapo akaniangalia kwa mashaka: "Yaani watu wa Ulaya wanione na magamba?" Tukajadiliana, na wenzake wakachangia, mmoja akauliza malipo ni kiasi gani. Mwishowe akakubali kwa sharti kwamba nimletee nakala.

Kwa wanaopenda ufundi: dagaa wabichi juani ni mtihani kwa simu. Wanang'aa mno, na kamera ikiona mwanga mwingi inaamua yenyewe kupunguza kila kitu, ngozi nyeusi inageuka kivuli kisicho na kitu ndani. Nilibonyeza kioo palepale kwenye mkono wake, nikashikilia mpaka ikajifunga, kisha nikashusha mwanga kidogo kwa kidole. Nikasogea upande ili jua lije ubavuni badala ya mgongoni kwake. Mishipa ikatokea, makunyanzi yakatokea, kila gamba likasimama peke yake.

Picha ile ilipendwa sana na wale wa mtandaoni. Nikaiprinti kwenye karatasi ya kung'aa nikampelekea mama. Aliishika, akaigeuza, akaigeuza tena. "Nzuri. Na mimi niko wapi?"

Nikampiga nyingine papo hapo. Alikwenda kwanza kubadili kitenge, akafunga kilemba, akasimama wima mikono ubavuni, hacheki, kidevu juu, kama vile nimemwambia "tayari". Ndiyo picha aliyoitundika sebuleni. Ukiniuliza ipi ni bora, zamani ningejibu haraka. Leo nasema ile ya mikono ina mwanga mzuri na ile ya pili ina mwenyewe ndani yake, na sijui kwa nini tunadhani mtu anayesimama wima mbele ya kamera anaharibu picha. Amejiandaa. Kujiandaa nako ni kitu cha kutazama.

Wanaokuja steshenari nao wanajiandaa, ila wengine wananiambia kwa sauti ya chini, "Dada, nitoe mweupe kidogo." Simu nyingi zina kitu cha kung'arisha uso, na wapo wapiga picha wanaokiwasha bila hata kuombwa. Mimi nimekizima. Nawaambia mashine haina hiyo. Mungu atanisamehe.

Maneno mengine nayapitia kwa kifupi.

"Kivuli" lilikuja mwanzoni mwa Machi, wakati mbaya kuliko wote au mzuri kuliko wote. Kigoma tuko kama nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, jua linapita juu ya utosi. Tena kwa sababu ya ile saa yetu ya kuazima kutoka mashariki, jua la utosini kwetu si saa sita bali saa saba na kidogo. Nikaweka ndoo uani nikakaa mlangoni na ugali wangu. Kivuli kikasogea, kikapungua, kikaingia chini ya ndoo kikaisha. Nikatuma picha ya ndoo isiyo na kivuli. Mtu wa Kanada akatuma mti wake, kivuli kimelala juu ya theluji mpaka nje ya picha. Neno moja, wiki moja!

Oktoba wenzetu wa kaskazini hutuma majani mekundu, na wana haki, ni mazuri. Nilikuwa naenda Uvinza kwenye shughuli ya kifamilia, dirishani nikaona pori la miyombo nalo limewaka: majani mekundu, rangi ya shaba, mengine ya kunde. Kila mwaka iko hivyo kabla ya mvua, na kila mwaka nilikuwa nasinzia. Tofauti ni kwamba yao yanaanguka na yetu ndiyo kwanza yanatoka. Jani changa la mwombo huanza jekundu, kijani kinafuata. Nilipiga kupitia kioo chenye vumbi, basi linatikisika, konda ananiuliza kama nataka kushuka. Picha haikutulia hata kidogo, nikaituma vilevile.

Kuhusu "tupu" nitasema zaidi, kwa sababu bado linanikera. Ilikuwa mwaka 2024, ule wakati uvuvi Ziwa Tanganyika ulipofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Nikashuka Kibirizi. Chanja zimebaki miti mitupu, mabeseni yamefunikwa yamepangwa, kunguru wanatembea mchangani kama wakaguzi. Usiku nao ziwa lilikuwa giza. Mtu aliyekulia hapa amezoea kuona taa za wavuvi zimejipanga kule mbali kiasi cha kudhani ni mji mwingine. Zamani karabai za manjano, siku hizi taa nyeupe za sola. Giza la namna ile tunalijua wakati wa mbalamwezi tu, mwezi unapong'aa dagaa hawaifuati taa na wavuvi wanabaki nyumbani kushona nyavu. Lakini mbalamwezi inapita. Hii ilikuwa miezi mitatu.

Nilituma picha ya mabeseni. Mtu mmoja akaandika, kwa nia njema kabisa, kwamba pana utulivu wa kupendeza. Nikakaa na simu mkononi muda mrefu. Picha kweli ilikuwa tulivu, mistari imenyooka, mwanga laini wa asubuhi. Na mama wa mikono alikuwa anauza mawese kwa chupa mlangoni kwake, wateja wenyewe hawana hela. Nikamjibu yule mtu nikamweleza. Akashukuru. Lakini tangu siku ile naandika mistari mitatu au minne hata kama sharti ni miwili, na wakitaka wanifukuze. Kufungwa kwa ziwa sikupingi, samaki walikuwa wanapungua na kila mvuvi anajua. Nasema tu kwamba picha nzuri inaweza kunyamaza mahali ambapo ilipaswa kusema.

Kuna pia mahali ambapo hupigi kabisa. Stesheni yetu ya reli ni jengo zuri la tangu enzi za Wajerumani, reli ilifika hapa mwaka 1914, na bandarini kuna mambo ya kumfanya mtu alie. Lakini ukitoa simu pale bila kibali utajieleza kwa watu wenye sare, na hadithi ya neno la wiki haitakusaidia. Omba ruhusa kwanza, au pita. Kwa Ujiji na mnara wa Livingstone na Stanley, sina neno, wageni wanapapiga vya kutosha. Mimi nikifika Ujiji napenda mafundi cherehani kwenye baraza, mguu kwenye pedali, vitenge vimening'inia mlangoni vinachuja jua mpaka sakafu inakuwa na maua.

Neno la wiki hii ni "sauti". Tangu Jumatatu nimelizungusha kichwani. Watu wameshatuma ngoma, kengele, mdomo wa mtoto anayelia. Nilifikiria mashine ya kusaga, halafu nikaona unga tu ndio utaonekana. Mama wa Kibirizi nilipompigia simu alisema nimpige yeye akigombana na mwenye ndoo. Muda wenyewe unaisha usiku huu. Kuna kinyozi jirani yetu aliyetundika spika mbele ya duka, kubwa kuliko mlango, na kwa sababu ya mtikisiko kioo chake kimepasuka akakiziba kwa gundi ya karatasi kila mahali. Anafunga saa tatu. Ngoja nikamwombe azidishe muziki, nione kama kwenye kile kioo uso wa mteja utatikisika.