Tenshena ya cheni kwenye Wish na Premio za 1ZZ: kabla hujagusa zile nati mbili

Ukiwasha gari alfajiri kule Molo au Timboroa, baridi ikiwa bado imekaa kwenye bonneti, ukasikia mkwaruzo wa chuma kwa sekunde mbili tatu kisha kimya, mara nyingi hiyo ni cheni ya taimingi, ile inayounganisha krenki (mhimili mkuu wa injini) na kamshafti zinazofungua vali, ikicheza kabla oili haijafika kwenye tenshena, kifaa kinachoikaza. Gari hilo hilo likilala Kisumu kwenye joto, oili huwa nyepesi na hupanda upesi, na huenda usisikie kitu. Ndiyo sababu ukilipeleka gereji saa sita mchana fundi atasikiliza na kukwambia gari ni zima. Kelele hii husikilizwa asubuhi, injini ikiwa imelala usiku kucha.

Maelezo haya ni ya injini ya Toyota ya 1ZZ-FE. Angalia kibao cha chasi: Wish ya kwanza ya 1.8 huanza na ZNE10, Premio na Allion za kwanza za 1.8 ni ZZT240. Wish ya 2.0 na Premio ya 1.5 zina injini nyingine kabisa. Kwenye 1ZZ tenshena imefungwa kutoka nje, ubavuni mwa injini upande wa mikanda, kwa nati mbili za soketi ya 10, na kwa hiyo unaweza kuibadilisha nyumbani. Kwenye 1NZ, injini ya Probox na Fielder 1.5, tenshena iko ndani ya kava ya taimingi, na kuifikia ni lazima ufungue puli kubwa na kava nzima. Hiyo usiianze Jumapili jioni ukitegemea gari Jumatatu.

Kabla ya kununua chochote, chomoa kijiti cha oili. Tenshena husukumwa na springi ndogo pamoja na presha ya oili. Springi peke yake haitoshi kuishika cheni injini ikiwa na kazi. Na 1ZZ, hasa za kabla ya 2005, zinajulikana kwa kula oili: vitundu vya kurudishia oili kwenye pistoni ni vidogo, huziba kwa masizi, ringi za oili zinakwama. Wish iliyobeba watu saba kutoka Nakuru kupanda Mau Summit, oili ikiwa chini ya alama ya chini, pampu yake ya oili inaweza kuvuta hewa kwenye mpando na kwenye kona. Tenshena inalegea, cheni inapiga reli inayoiongoza, na mwenye gari anauziwa tenshena wakati alichohitaji ni lita moja ya oili. Jaza hadi alama ya juu, endesha siku mbili, usikilize tena asubuhi. Kwangu hatua hii hairukwi hata fundi akisema nini.

Kama kelele ingalipo, ondoa mkanda wa feni na uwashe injini kwa sekunde chache tu. Usizidishe, kwa maana mkanda huo ndio unaozungusha pampu ya maji. Kelele ikipotea, tatizo liko kwenye vinavyozungushwa na mkanda huo, mfano beringi ya puli au ya altaneta, wala si cheni. Taa ya injini ikiwa inawaka, soma kodi ya hitilafu: P0016, au P1346 kwenye magari ya zamani kidogo, maana yake kamshafti na krenki havipatani tena. Hapo huenda cheni imerefuka au imeruka jino, na tenshena mpya haitakuokoa.

Andaa tenshena mpya na oringi yake (mpira wa duara unaozuia oili kuvuja), soketi ya 10 yenye kiendelezi, soketi ya 19 ya bolti ya puli ya krenki, bisibisi ndefu, tochi, gasketi ya kava ya vali na silikoni kidogo. Ukinunua tenshena ya mitumba kutoka Japani, sukuma pistoni yake, ile inayotokeza kuisukuma reli, kwa kidole: ikirudi ndani bila kufunguliwa kizuizi, meno yake yameisha, iache dukani. Injini iwe baridi. Chomoa waya hasi wa betri ili mtu asije akapiga stata ukiwa katikati ya kazi. Inua gari upande wa kulia mbele, uliweke kwenye stendi, si mawe, kisha utoe gurudumu. Fungua koili nne za plagi na kava ya vali. Wengine huiacha kava, lakini bila kuiondoa huwezi kuona reli ya cheni, na kuiona ni muhimu mwishoni.

Zungusha krenki kufuata mshale wa saa hadi mkato wa puli ukae kwenye alama ya 0 ya kava ya taimingi, na alama za sproketi (gia za cheni) mbili za kamshafti zielekeane. Zisipoelekeana, zungusha duara moja zaidi. Piga picha ya alama hizo kwa simu. Kuanzia hapo, krenki isiguswe hadi tenshena mpya iwe imefungwa. Cheni iliyolegea ikiruka meno, vali na pistoni za injini zinaweza kukutana.

Sasa fungua zile nati mbili. Tenshena ya zamani ikitoka, itazame vizuri kabla ya kuitupa. Pistoni ikiwa imetokeza karibu urefu wake wote, cheni imerefuka. Ukifunga mpya itanyamaza kwa muda tu, kisha kelele itarudi. Panga bajeti ya cheni na reli zake. Pistoni ikiwa imetokeza kidogo lakini inabonyea ovyo, hapo tenshena yenyewe ndiyo mbovu. Oringi iliyokauka ikawa ngumu kama plastiki inaeleza ule mvujo wa oili ubavuni.

Sasa mahali ambapo kazi hii huharibikia. Kwenye tenshena mpya inua kizuizi cha meno, sukuma pistoni hadi ndani kabisa, kisha uvishe ndoano yake kwenye kipini. Paka oringi oili. Usiweke silikoni hapa, kwa maana ikifinywa ndani inaweza kuziba njia ya oili. Ingiza tenshena taratibu. Ndoano ikifyatuka kabla nati hazijakaza, usilazimishe kwa kukaza nati, utavunja reli au utakaza cheni kupita kiasi. Itoe, ivishe upya. Nati zikazwe Nm 9 tu, ambayo ni nguvu ya kifundo cha mkono. Ukitumia mkono mzima utakata nyuzi.

Kisha zungusha krenki kidogo sana kinyume cha saa. Upande uliolegea wa cheni unakazika, reli inaisukuma pistoni ndani nusu ya pumzi, ndoano inaanguka. Sasa zungusha kufuata saa uone reli ikisukumwa na pistoni. Pistoni isipotoka, bonyeza reli kuelekea tenshena kwa bisibisi hadi ndoano iachie. Anayesahau hatua hii anawasha injini yenye cheni isiyoshikwa na kitu chochote, na cheni inaweza kuruka kabla hajafika langoni.

Zungusha krenki kwa mkono duara mbili kamili, linganisha alama na picha yako. Zikirudi palepale, funga kava ya vali, ukiweka tone la silikoni kwenye pembe mbili ambapo kava ya taimingi inakutana na kichwa cha injini.

Mkwaruzo mfupi wakati wa kuwasha mara ya kwanza ni wa kawaida, oili inajaza tenshena. Ukizidi sekunde chache, zima. Kama oili ni ya zamani, badilisha na chujio: 5W-30, lita 3.7 kwa injini za mwanzo na 4.2 kwa za baadaye, lakini kijiti ndicho kinachosema. Oili chafu usimwage mtaroni. Mitaro ya Kisumu huishia ziwani. Pangusa sehemu ya tenshena iwe kavu, endesha hadi injini ipate moto, uangalie tena kwa tochi. Kijiti nacho kipimwe kila wiki, asubuhi, kabla ya kuwasha.