Jina la Mlinzi

Juzi binti yangu aliniuliza kwa nini ile meza ya mwisho maktabani, ya karibu na dirisha, ina madoa meusi yasiyotoka. Nikamjibu, "Ni wino wa Mzee." Akaridhika, akaendelea na mambo yake. Mimi nikabaki naye Mzee kichwani hadi usiku.

Ilikuwa Jumamosi ya kuchonga na kuchapa picha. Mkutubi wetu alizihangaikia sana zile warsha. Tayari tulishakuwa na masimulizi ya hadithi, ngoma, na vikaragosi ambavyo watoto walivitengeneza kwa soksi kuukuu. Wasomaji wa magazeti walinung'unikia kelele, wakazoea.

Msanii alikuja na vipande vya linoliamu (lile tandiko la sakafu linalochongeka kwa urahisi), patasi ndogo ndogo za kuchongea, rola na kopo la wino mweusi. Alituonyesha kwanza namna ya kukaa: mkono unaoshika kipande uwe nyuma ya patasi, kamwe usiwe mbele yake. Kisha akaeleza kwamba unachonga na kuondoa pale usipotaka pashike wino, na kilichobaki juu ndicho kinachochapa. Kwa kuwa karatasi hulazwa kifudifudi juu ya mchoro, kila kitu hutoka kimegeuka, cha kushoto kikawa cha kulia. Anayetaka jina lake lisomeke sharti alichonge kinyume.

Mzee hakuja kushiriki. Alikuwa amemaliza zamu yake ya usiku, akasimama mlangoni na funguo mkononi, akitazama.

"Karibu, Mzee wangu, ukae," msanii alimwambia.

"Mimi herufi sizijui, mwalimu. Nalinda tu."

"Hapa tunachonga tu. Jina lako nani?"

Akalitaja. Msanii akaliandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi nyepesi, akaigeuza ili mistari ionekane kwa nyuma, akamsogezea. Lilikuwa na S na N, herufi mbili zinazomtega kila anayechonga kinyume.

Pembeni yake walikaa vijana wawili wa chuo. Hao walishika penseli wakaandika majina yao moja kwa moja juu ya linoliamu, na kila walipofika kwenye N mkono uliiandika vile ulivyozoea tangu darasa la kwanza. Walifuta, wakarudia, wakacheka, wakakosea tena. Mzee hakufuta kitu. Aliinama mpaka pua ikakaribia meza, akautazama mstari mmoja, akauchora. Akautazama wa pili, akauchora. Kwake ile S iliyogeuka haikuwa imegeuka. Ilikuwa mkunjo unaoanzia hapa na kuishia pale. Alipochonga, vipande vyembamba vya linoliamu vilijikunja mbele ya patasi na kudondoka kwenye goti lake, naye akawa anavikusanya kimoja kimoja na kuvitia mfukoni, asichafue sakafu aliyokuwa akiilinda.

Kazi yangu siku ile ilikuwa kupaka wino. Nilipitisha rola mpaka wino ukatandaa vizuri na kuanza kutoa ule mlio wake wa kunata, nikaupaka mchoro wake. Tukalaza karatasi. Msanii akampa kijiko akamwonyesha kusugua kwa mgongo wa kijiko, taratibu, kuanzia katikati kwenda pembeni. Mzee alisugua kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akashika ncha moja ya karatasi na kuifunua.

Kijana mmoja wa chuo akalisoma jina kwa sauti, lote, bila kukwama. Mzee alimtazama usoni, akaitazama karatasi, akamwambia, "Soma tena."

Akalisoma tena. Kiganja cha Mzee kilikuwa kimejaa wino, naye alikuwa amekiegemeza mezani.

Picha zetu zote zilishonwa zikawa kijitabu, na mkutubi akakipa namba 761, ambayo katika mfumo wa Dewey wa kupanga vitabu kwa namba ni ya uchapaji wa picha zilizochongwa, akakiweka rafuni pamoja na vitabu vingine. Baadaye warsha zilisitishwa. Walioshika fungu walihesabu vitabu vinavyoazimwa, wakaona hesabu haikupanda, wakasema maktaba ni ya kusoma.

Hilo silikubali hata kidogo. Ilani ya UNESCO ya maktaba za umma, iliyotoka kwanza mwaka 1949, katika toleo lake la 1994 inataja kuthamini sanaa, kuwapa watu nafasi ya kukuza ubunifu wao, na hata kuunga mkono masimulizi ya mdomo, miongoni mwa kazi za msingi za maktaba. Walioiandika walijua kuna watu watakaoingia maktabani kwa mlango mwingine.

Lakini ukiniuliza Mzee alipata nini hasa, nitababaika. Kwenye darasa la kisomo hakujiunga, ingawa mkutubi alimsihi sana. Labda alitosheka na lile jina moja. Labda aliona haya kukaa darasani na watu aliokuwa akiwafungulia mlango. Sikumuuliza, na sasa hayupo wa kuulizwa.

Mwezi ujao kamati inakaa kujadili bajeti, nami nimeomba nafasi ya kusema. Nitakiazima kile kijitabu niende nacho, nikifungue kwenye ukurasa wa Mzee, niombe Jumamosi zile zirudishwe.