Je, niendelee kulipia? Gitaa, sikio na nyimbo za zamani

Jumapili, Sinza

Leo nimekaa kitako kuamua kama nitaendelea kulipia huduma ya muziki iliyo kwenye simu yangu. Jina sitalitaja. Niliitaka kwa kazi mbili: initoe nje ya nyimbo ninazozijua, na inisaidie kujifunza gitaa la muziki wa dansi kwa sikio.

Kazi ya kwanza inaiweza, kwa kiasi chake. Mashine hizi hazisikii muziki kama tunavyousikia sisi. Kwa sehemu kubwa zinahesabu watu. Waliosikiliza huu walisikiliza na ule, huu wakauruka, ule wakaurudia, basi na wewe unaletewa. Nilishinda na bendi ya Mlimani Park kutwa, nikaletewa Franco na Tabu Ley wa Kongo, ambao sikuhitaji mtu wa kunijulisha, halafu ikaja benga, muziki wa gitaa wa Wajaluo, ya D. O. Misiani na bendi yake ya Shirati Jazz. Niliacha kufua nikakaa. Misiani alipata jina Kenya, lakini alizaliwa Shirati, mkoani Mara, upande wetu wa mpaka, na gitaa lake linakimbizana na besi kwa namna ambayo sijaisikia kwa mpigaji wa Dar. Kwa hilo peke yake pesa yangu haikupotea.

Shida inaanza ninapotaka kurudi nyumbani. Muziki wa dansi haufuatwi kwa albamu, unafuatwa kwa watu. Muhidin Gurumo aliimba NUTA Jazz, mwaka 1978 akawa miongoni mwa walioanzisha Mlimani Park, akapita Safari Sound, akarudi Msondo. Anayempenda Gurumo anataka kwenda naye bendi hadi bendi. Ndani ya programu jina lake silioni. Kuna jina la bendi na jina la wimbo, basi. Mtunzi hayupo, mpiga solo hayupo. NUTA, JUWATA, OTTU na Msondo Ngoma ni bendi ileile, iliyobadilisha jina kadiri chama cha wafanyakazi kilichokuwa kinaimiliki kilivyobadilika, lakini humo wamekuwa wasanii wanne wasiojuana. Sikinde, yaani Mlimani Park wenyewe, nao wamegawanywa, huku wameandikwa DDC, shirika lililokuwa likiwamiliki, kule hawakuandikwa. Na kwa kuwa mashine inahesabu watu, wasikilizaji wa muziki huu, ambao tayari ni wachache, wakigawanywa tena hawafikishi uzito wa kuusukuma wimbo hadi kwa mgeni. Mwaka ndio usiseme: wimbo uliorekodiwa Radio Tanzania enzi za Mwalimu unaandikiwa mwaka ambao mtu aliupakia.

Hili linaniuma. Bendi hizi zilirekodi kwenye studio ya redio, kanda zikabaki maktaba ambayo sasa iko chini ya TBC, na kilichofika mtandaoni ni sehemu tu. Hicho kidogo kilistahili majina kamili ya waliokifanyia kazi.

Upande wa kujifunza, nianze na ubora wa sauti, maana ndio unaokula bando. Kwa kilobiti 96 kwa sekunde, saa moja ya muziki inachukua kama megabaiti 43. Kwa 320 inafika 144. Kwa hiyo napakua kazini kwenye waifai, nasikiliza kwenye daladala. Tofauti ipo na inasikika. Kwenye ubora wa chini magitaa ya ridhimu na solo la pili yanashikana na matoazi, yanakuwa mvumo mmoja. Kwenye ubora wa juu unasikia kidole kikiachia uzi.

Jumamosi nilikwenda Kinondoni kwa mwalimu wangu, mpiga ridhimu wa zamani, na kipande kilichokuwa kinanishinda.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hebu tusikie."

Akaweka spika kwenye sikio moja tu, akafumba macho, akaanza kugonga meza. "Unahangaika na gitaa bure. Shika kwanza mapigo ya ngoma, ile tumba. Ukijua tumba inaangukia wapi, ridhimu yenyewe itakuonyesha pa kuingia." Kisha akachukua gitaa langu, akalegeza nyuzi zote sita, kidogo kidogo, huku wimbo unaendelea. Kipimio cha simu kilikuwa kinasema gitaa limekaa sawa, na lilikuwa sawa, ila si kwa wimbo ule. Kanda ilipohamishwa ilizungushwa polepole kuliko inavyotakiwa, ikaushusha wimbo mzima ukakaa katikati ya funguo mbili. Alipomaliza kulegeza, kile kipande nilikipata palepale.

Programu haina msaada hapo. Inaniruhusu kupunguza kasi ya mtu anayezungumza kwenye podikasti, si ya wimbo. Inarudia wimbo mzima, haiwezi kurudia zile sekunde chache ninazozitafuta. Na nilichopakua kimefungiwa humohumo, siwezi kukihamishia Audacity, programu ya kompyuta ya kuhariri sauti, ambayo ni ya bure na inapunguza kasi bila kuushusha wimbo ufunguo. Wimbo ninaotaka kuusoma kwelikweli nanunua faili lake, au naazima sidii kwa Mzee. Podikasti za nadharia ya muziki nimezijaribu pia. Nilizopata ni za Kiingereza na zinafundisha piano.

Basi nitaendelea kulipia, kwa ajili ya kina Misiani ambao bado sijaletewa. Kwa masomo nimefungua daftari. Nimeanza na Michael Enoch, aliyetoka Dar es Salaam Jazz na baadaye akawa Mlimani Park, na kila wimbo naandika nani anapiga nini kadiri Mzee anavyowatambua kwa sikio. Ndani ya programu natengeneza orodha zilezile kwa jina la mtu badala ya bendi, na nimeziacha wazi kwa yeyote anayetaka kuzisikiliza. Kama una baba au mjomba aliyewahi kupiga kwenye bendi hizi, muulize solo la pili lilikuwa la nani, uniandikie.