Siku shosho alimtaja kakake

Mwaka wa 2019 kijana wetu alikuwa na miaka 10, darasa la nne, na ADHD, ile hali ya ubongo ya mtoto kukosa umakini na utulivu, tulikuwa tushaizoea kiasi. Iligunduliwa akiwa na 7, baada ya mwalimu kuniita shule mara nyingi hadi soja wa geti akawa ananisalimia kwa jina, na tangu hapo alikuwa anameza methilifenideti, dawa yake ya ADHD, asubuhi kabla van ya shule ifike. Watu wakiskia ADHD wanafikiria ni kurukaruka tu. Kwake ilikuwa sweta kupotea kila wakati, homwaki imefanywa vizuri kabisa alafu haifiki kwa mwalimu, kukata wenzake maneno, kukimbilia mpira barabarani kama hakuna gari duniani. Na ilikuwa ya kila siku. Jumatatu iko, Krismasi iko, akiwa na furaha iko, akiwa na homa iko. Hii nataka mzazi anayesoma aishike, juu ndiyo ilikuja kutusaidia baadaye, daktari alipoanza kushuku bipola, ule ugonjwa wa akili wa mtu kupanda juu sana alafu kuanguka chini sana.

Sasa mwezi wa tano, muhula wa pili ndio umeanza tu, kukaingia kitu kingine.

Aliacha kulala. Kusumbua usiku tulikuwa tunaijua, ile ya naomba maji, naenda choo, nimeskia paka. Hii ilikuwa tofauti. Analala saa sita, saa tisa ako macho, amewasha taa ya sebuleni, anachora mabasi ya umeme ya kampuni yenye atafungua, kila basi na ruti yake na jina la dereva, karatasi zimejaa sakafuni, na asubuhi hapigi hata mwayo mmoja. Alikuwa anaongea haraka hadi maneno yanapandana. Baiskeli yake yenye alikuwa anaipenda kushinda kitu yote akaigawa kwa mtoto wa ploti ya jirani, ati kesho atanunua ingine kumi. Siku ya paredi akaenda mbele akamwambia mwalimu mkuu kwamba yeye anaweza kuendesha hiyo shule vizuri zaidi, na hakuwa anacheza, alikuwa anamaanisha, alikuwa na mpango ameuandika. Ukimwambia apunguze kidogo tu, hasira inalipuka, siku moja akarusha kiti ukutani na dada yake mdogo akajificha kwa kabati ya nguo.

Alafu ikakatika. Mtoto yule yule sasa hataki kuoga, hataki chapati, analala mchana na viatu, analia na hajui analia nini. Nikakaa naye chini kwa sakafu akaniambia, "Mum, afadhali mngenikosa tu."

Sikusubiri kesho. Nilikusanya dawa zote za nyumba na visu nikafungia chumbani kwangu, nikapigia daktari wake simu, akasema nimlete asubuhi na nisimwache peke yake usiku huo. Mzazi mwenzangu, ukiskia mtoto anaongea hivyo usifikirie ni kudeka, hata kama ana miaka 10, hata kama baada ya saa moja anacheka na katuni. Piga simu.

Maoni ya watu yalikuwa mengi. Mwalimu mmoja aliomba nimruhusu amnyoroshe, na fimbo shuleni Kenya ilipigwa marufuku tangu 2001. Jirani alisema ni maombi yamepungua kwa hiyo nyumba. Nawaacha hapo, juu mwenye nataka kuongea juu yake ni mama mkwe wangu, shosho, yaani nyanya ya watoto.

Shosho alikuwa amekuja kutoka Murang'a kunisaidia na mtoto mdogo. Ni mama wa maneno machache, mwenye anaamka saa kumi na moja hata kama hakuna kazi. Hizo wiki zote za kijana kukesha alikuwa anaamka anakaa naye sebuleni, hamgombezi, anamwangalia tu. Mimi nilidhani ni uzee, wazee hulala kidogo. Asubuhi ya kliniki nikamkuta ashavaa, koti, kitambaa, mkoba mkononi. Nikamwambia, "Mum, si ubaki upumzike, huko tutakaa foleni." Akasema, "Twende." Mzee wangu alikuwa kazini Naivasha hiyo wiki, kwa hivyo tukaenda sisi watatu.

Kliniki ilikuwa hapa Nairobi, huko juu upande wa Community. Daktari, mama wa makamo hivi, alimwekea shosho kiti chenye kina mto, akaongea na kijana kwanza peke yao, alafu nesi akamchukua akacheze na zile plastiki za kujenga nyumba. Akageukia mimi.

Maswali yake hayakuwa yale nilizoea. Hakuuliza sana juu ya fujo. Aliuliza juu ya usingizi. Akaniambia dawa ya asubuhi inajulikana kunyima watoto usingizi, "lakini mtoto aliyenyimwa usingizi na dawa, mama, asubuhi huwa amechoka, anasinzia darasani. Wako alikuwa amechoka?" Nikasema hapana, alikuwa kama amelala masaa kumi. Akaandika. Akauliza kama hiyo hali ilikuja na ikaisha, ama iko tu siku zote. Nikamwambia imekuja kama mgeni, tumeona ikiingia na tumeona ikitoka. Akaandika tena, akapigia mstari.

Akanieleza pole pole. Kwamba mtoto wa ADHD huwa na hasira za haraka, huongea sana, hukosa kutulia, na mtoto wa bipola akiwa juu hufanya hayo hayo, ndio maana hata madaktari huchanganyikiwa. Kwamba hasira pekee yake haitoshi kusema ni bipola, kuna watoto wana hasira mwaka mzima na hiyo ni shida ingine yenye jina lake. Chenye yeye anatafuta ni vipindi: siku kadhaa mfululizo mtoto amekuwa mtu mwingine, haitaji usingizi, anajiona mkubwa kushinda kila mtu, alafu anarudi ama anaanguka. Na kwamba ana sababu ya kuwa makini, juu dawa za ADHD za kuchangamsha ubongo zinaweza kumsukuma mtoto wa bipola juu zaidi kama hali yake haijatulizwa kwanza. Hata zile za kutibu huzuni zikipewa peke yake zinaweza kumfanyia hivyo hivyo.

Ndio akauliza lile swali. "Kwa familia, kuna mtu aliwahi kuwa na shida ya akili? Kulazwa, kukosa kulala, kutumia pesa ovyo, kujidhuru?"

Nikajibu venye nilikuwa nimejibu tangu 2016 kwa kila fomu. Upande wangu hakuna, upande wa mzee hakuna.

Shosho akasema, "Kuko."

Alisema akiangalia mkoba wake. Daktari akaweka kalamu chini. Hakumharakisha, na mpaka leo namshukuru kwa hiyo.

Akasema alikuwa na kaka mkubwa. Mimi nimeolewa kwa hiyo familia miaka mingi, nimehudhuria matanga, ruracio za mahari, sherehe zote, na sijawahi kuskia kama shosho alikuwa na kaka mkubwa. Alikuwa karani wa reli hapa Nairobi miaka ya sabini, anaishi kota za Muthurwa, kijana msafi, ndiye alilipa karo ya wadogo zake wote pamoja na shosho mwenyewe. Wakati mmoja akarudi Murang'a na suti za kila mwanamume wa familia, zote za deni, akakaa usiku baada ya usiku akiandikia mawaziri barua, akauza ng'ombe wa babake bila kuuliza, ati ananunua lori. Halali na hachoki. "Kama huyu," shosho akasema, akaonyesha mlango na kidole. "Nilipomwona huyu mtoto saa tisa usiku na hizo karatasi, nilijua mimi. Nilimwona kaka yangu."

Baadaye kaka akaanguka, akalala akiangalia ukuta msimu mzima wa kupanda. Akapelekwa Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili. Nyumbani watu wakaambiwa ameenda kufanya kazi Kampala.

Daktari akauliza alipewa dawa gani. Shosho akasema hajui, vidonge tu. Alafu kama mtu amekumbuka kitu kidogo kisicho na maana akaongeza kwamba alikuwa anaenda kutolewa damu kila mara, hadi kijijini wakaanza kusema ati anauza damu kwa wazungu. Daktari akainama mbele. "Alikuwa anapimwa damu kwa sababu ya hizo vidonge? Na akizimeza alikuwa sawa?" Akasema alikuwa sawa kabisa, miaka, alirudi kazini, hata alianza kujenga. Ni alipoambiwa ameponywa akaziacha ndio ikarudi. Tulimzika akiwa bado kijana, akasema, na tukaacha kumtaja. Hakusema alikufaje. Daktari hakuuliza.

Hapo ndio nilielewa kwa nini shosho alivaa koti.

Daktari akamwambia, "Shosho, hii umeniambia inasaidia kushinda mashine yoyote niko nayo." Akatueleza kwamba kupimwa damu hivyo kunamfanya afikirie lithiamu, dawa ya zamani sana ya bipola, yenye lazima kiwango chake kwa damu kiangaliwe kwa sababu ikizidi kidogo inakuwa sumu, na pia figo na tezi ya shingoni zinachunguzwa. Na kwamba lithiamu ikimkubali mtu mmoja kwa ukoo, mara nyingi hata jamaa yake mwenye ugonjwa huo inamkubali, kwa hivyo hata hiyo ya kuuza damu ameiandika kwa faili. Lakini akatuambia tusikimbilie. Alisema mjomba wa baba ni mbali kidogo, sio mzazi wala ndugu wa kuzaliwa, na watoto wengi wenye jamaa wa hivyo hawaugui bipola maisha yao yote. Jina hilo hataliandika leo kwa mtoto wa miaka 10. Ataandika ADHD, na chini yake, bipola inachunguzwa.

Tulitoka na mpango. Dawa ya asubuhi isimame kwa sasa. Apimwe damu, pamoja na hiyo tezi, juu nayo ikifanya kazi kupita kiasi inaweza kumfanya mtu asitulie na asilale. Awe na dawa kidogo ya kutuliza usiku, na daktari akatuonya itamfanya ale sana na tuangalie kilo. Kulala saa ile ile na kuamka saa ile ile kila siku, hata wikendi. Na daftari: kila siku nandika amelala saa ngapi, ameamka saa ngapi, hali yake juu ama chini, hasira, chakula. ADHD tutarudi kuitibu hali ikitulia, hatujaitupa. Kuhusu ile sentensi ya afadhali mngenikosa akanipa namba ya kupiga hata usiku, akaniambia mtoto aulizwe wazi, kumuuliza hakumpandii hiyo mawazo.

Kurudi tulipanda matatu ya Zimmerman. Kijana akalala kwa mapaja yangu kabla hata tufike Pangani. Tukipita Mathari, na hospitali hiyo iko hapo tangu 1910, na miaka yote hiyo watoto wa Nairobi wanatukanana na jina lake, shosho aliangalia. Nimepita naye hapo mara nyingi kutoka Murang'a na kila mara alikuwa anaangalia upande wa Muthaiga. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ungejua, ungekubali kuolewa kwetu?"

Nikamwambia, "Ningekubali, mum. Lakini ningejua mapema."

Akanyamaza hadi Allsops. Alafu akasema watu walikuwa wanachunguza ukoo kabla ya kuoa, na alikuwa na dada wanne hawajaolewa, na mamake ndiye alisema hilo jina lisitajwe tena. Sikumlaumu, na simlaumu. Walikuwa wanachunga wasichana wanne. Lakini nilikasirika na hicho kimya chenyewe, kimetembea miaka arobaini kikafika kwa mtoto wangu kikanifanya niandike hakuna, hakuna, hakuna, kwa kila fomu, na dawa ikapangwa kwa hiyo hakuna.

Mzee wangu aliambiwa na mamake kwa simu usiku huo huo. Ana miaka zaidi ya arobaini na hiyo ndiyo siku alijua ana mjomba mwenye alilipa karo ya mamake. Aliuliza jina mara mbili. Kumbe ni jina lake la pili, lile lenye aliambiwa siku zote ni la rafiki wa familia.

Kijana akalala saa tatu. Nikafungua daftari nikaandika saa tatu kamili. Shosho akaniomba karatasi ingine, akaanza kuniambia majina, wa babake, wa mamake, nani alikuwa analewa sana, nani alihama akapotea, nani alikuwa anasemekana ana mapepo, na mimi naandika nachora mistari. Tulipofika kwa dada yake mdogo wa Kangema akasimama. Akaniambia nimpigie, niweke spika. Ikalia, ikachukuliwa, wakasalimiana, mvua, majani chai, kuku. Alafu shosho akasema, "Yule kijana wako wa pili, yule alikuwa halali wakati ule wa uchaguzi. Mlimpeleka wapi? Usiniambie Mombasa. Niambie ukweli, mimi leo nimesema wetu."