Nusu kaputi imeisha, mbona haamki?

Mi ni mtu wa usingizi, wale wa nusu kaputi, na kinachonitoa jasho sio kumlaza mtu, ni kumwamsha. Juzi kati tulimtoa mama mmoja uvimbe kwenye kizazi, operesheni imeenda fresh, gesi nimefunga, nikajua robo saa hivi atafungua macho. Wapi! Nusu saa, saa nzima, kimya.

Nikaanza na yale ya kawaida, sukari 5.6 iko sawa, joto la mwili sawa, oksijeni sawa, anapumua mwenyewe, dawa ya kulegeza misuli nilishaitengua, za maumivu nilimpa kidogo tu. Nesi anasema muache kachoka huyo. Mi nimekaa pale namkodolea macho ndo nikaona kope zinachezacheza kidogooo, afu dole gumba la kushoto linadunda kama mtu anabonyeza simu, linaacha, linaanza tena.

Degedege! Sio ile ya kurusha miguu na mapovu, hii inawaka kichwani tu mwili umetulia, ukipita haraka unaona mtu kasinzia. Kuwa na uhakika inatakiwa kipimo cha umeme wa ubongo, kile Mjerumani Hans Berger alichokirekodi kwa binadamu mara ya kwanza mwaka 1924, miaka 100 imepita na sisi hapa bado hatuna. Nikampigia bosi, akasema jaribu diazepamu mshipani, inatuliza degedege, pole pole, na vifaa vya kumsaidia kupumua viwe karibu. Yani mtu haamki afu unampa dawa ya kulalisha, nesi aliniangalia kama nimechanganyikiwa. Ila dole likatulia, na kama dakika 20 mbele mama kageuza shingo, akamwita mwanae.

Nikatoka nje kwa dada yake, nikamuuliza kwa sauti ya chini kama mgonjwa ana kifafa. Akaangalia chini, akafungua pindo la kanga, ndani vidonge vya kabamazepini, dawa ya kifafa. Anameza miaka na miaka, ila kwa vile aliambiwa asile kitu, vidonge navyo akaviacha, tena siku mbili. "Tuliogopa mtamkatalia operesheni, kaka."

Na dawa ya kifafa kwa kawaida inamezwa hata asubuhi ya operesheni, kwa funda la maji, sisi ndo tulitakiwa kuwaambia. Mi nilikuwa nauliza "una ugonjwa wowote?" huku ndugu wamejaa kitandani, nani atajibu? Sasa hivi nawatoa wote kwanza, afu nauliza kuna kidonge gani unameza kila siku.